Kombolela ya setilaiti: kuanza mchezo wa vificho ukiwa Bulongwa

Siku ya kwanza nilipokwenda kutafuta pointi kwenye mteremko mmoja wa Bulongwa, wilayani Makete mkoani Njombe, nilitembea nimeinamia simu: hatua tatu mbele, mbili kushoto, nasimama, nageuka, narudi. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia viazi aliegemea jembe lake akanitazama kwa muda mrefu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha hakuzungusha maneno: "Unapima shamba la nani?"

Huku Makete mtu mwenye GPS mkononi huwa ni mpimaji wa ardhi, au ni mnunuzi aliyekuja kutafuta eneo la kupanda miti ya mbao. Habari ya kucheza haimo. Nikakaa kwenye tuta nikamweleza kwamba natafuta kopo alilolificha mwenzangu, na ndani yake mna daftari la kuandika jina. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaniuliza kama nimekosa kazi. Halafu akanyoosha kidole kwenye jiwe nililokuwa nimelipita mara mbili. Alimwona mwenzangu akiliweka kopo juzi yake.

Ndipo nilipoelewa kanuni ya kwanza ya mchezo huu katika vijiji vyetu: kinachofichwa kifichwe kwa mgeni, si kwa mwenyeji. Mwenyeji atakiona tu. Heri akione akijua ni nini.

Mchezo wenyewe

Duniani unaitwa jiokashingi, na kopo lake jiokashi. Mimi nitasema kificho, kwa kuwa neno tunalo. Mtu anaficha kopo mahali fulani, anachukua pointi ya mahali hapo kwa GPS, na kuiweka kwenye mtandao pamoja na maelezo mafupi. Mwingine anaifuata hiyo pointi mpaka analiona kopo, anaandika jina na tarehe kwenye daftari lililomo, analirudisha kama alivyolikuta, anaondoka. Aliyecheza kombolela utotoni ana nusu ya ujuzi tayari. Tofauti ni kwamba anayejificha hapa ni kopo, na kopo halichoki kungoja.

Mchezo ulizaliwa kwa siku moja. GPS ni mali ya jeshi la Marekani, na kwa miaka mingi ishara za kiraia zilivurugwa kwa makusudi, hata kifaa cha mtu wa kawaida kikaweza kukosea kwa mita 100. Tarehe 2 Mei 2000 uvurugaji huo ulikomeshwa. Kesho yake, Dave Ulmer wa jimbo la Oregon akaweka ndoo porini karibu na Beavercreek, akatangaza pointi yake kwenye intaneti ili kujaribu kama watu wataipata. Wakaipata ndani ya siku chache. Wa kwanza alikuwa Mike Teague. Septemba ya mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua tovuti ya Geocaching.com, ambayo mpaka leo ndiyo daftari kuu la mchezo, na vificho vilivyoandikishwa humo vimepita milioni 3.

Ukifungua ramani ya vificho utaiona Ulaya imejaa alama kama mtama ulioanikwa juani. Ukisogea nyanda zetu za juu, alama ni za kuhesabu. Kwa hiyo anayeanzia Bulongwa hana budi kufanya kinyume cha anayeanzia London: mwenzake huanza kwa kutafuta, yeye huenda akaanza kwa kuficha. Na nafasi hiyo ni yake kweli, kwa sababu kanuni za mchezo hazimruhusu mtalii kuacha kopo mahali ambapo hatarudi kulitunza. Anayetakiwa ni mtu anayeishi karibu.

Simu inatosha

Huhitaji kununua kifaa cha GPS. Simu janja ya kawaida, ukiwa mahali peupe, hukosea kwa mita 5 hadi 10 tu, na kwa mchezo huu hiyo inatosha. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba GPS haili bando. Setilaiti ziko angani umbali wa kilomita 20,200 hivi, zinatangaza muda na mahali zilipo, na simu inasikiliza tu, kama redio. Hata laini ikiwa haina salio, hata mnara wa simu ukiwa umezima, pointi utaipata.

Kinachokula bando ni ramani na orodha ya vificho. Hivyo vishushe mapema, ukiwa Makambako au Njombe mjini ambako mtandao una nguvu, kabla hujapanda milimani. Programu rasmi ya Geocaching unaweza kuitumia bila kulipa, ingawa baadhi ya vificho hufunguliwa kwa wanachama wanaolipia peke yao. Wenye Android wanayo pia c:geo, ya bure. Kwa ramani ya njia za miguu, Organic Maps hutumia ramani za OpenStreetMap zinazochorwa na watu wa kujitolea, na ukishashusha eneo lako inafanya kazi bila intaneti. Njia ya kwenu isipokuwamo, unaweza kujifunza kuichora mwenyewe.

Jambo dogo la Makete: baridi inamaliza betri. Asubuhi ya Juni au Julai, sakitu ikiwa bado iko kwenye majani, simu iliyoonyesha nusu inaweza kuzima ghafla. Iweke kwenye mfuko wa ndani wa koti, uitoe unapoihitaji.

Kusoma namba bila kuishia ziwani

Hapa ndipo wanaoanza wanapoanguka, kwa hiyo tukae kidogo. Pointi ya kificho huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali. Mfano tu: S 09° 18.420' E 034° 03.150'. Maana yake ni digrii 9 na dakika 18 na ushei kusini ya ikweta, digrii 34 na dakika 3 na ushei mashariki. Dakika moja ni karibu mita 1,850 ardhini. Tarakimu ya tatu baada ya nukta, ile ya mwisho kabisa, ni karibu mita 2. Ukiikosea hiyo bado utaliona kopo. Ukikosea ya kwanza baada ya nukta, umekwenda kutafuta umbali wa mita 185, pengine ng'ambo ya korongo.

Kosa la kwanza ni kusahau S. Simu ikiachwa kwenye N itakupeleka zaidi ya kilomita 2,000, mpakani kwa Ethiopia na Sudan Kusini. Hilo ni rahisi kuligundua. Kosa la pili lina hila. Programu nyingine huandika digrii zenye desimali, yaani 9.30, na mtu akaisoma digrii 9 na dakika 30. Sivyo. Digrii 9.30 ni digrii 9 na dakika 18, maana desimali 30 za digrii ni dakika 18. Tofauti ya dakika 12 hizo ni kilomita 22, na ukizihesabu kwenda kusini kutoka Bulongwa unakaribia Matema, Ziwa Nyasa. Mchezaji wa Bulongwa mwenye kosa hilo ameshaogelea. Kabla ya kutoka, ingia kwenye mipangilio ya programu zako zote na uziwekee mfumo mmoja.

Na kama una ramani ya zamani ya serikali, zile za kipimo cha 1:50,000, usiichanganye na simu bila kujua jambo hili: ramani hizo zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu yako inatumia WGS84. Pointi ileile kwenye mifumo hiyo miwili huachana kwa karibu mita 300. Walioshika migogoro ya mipaka ya mashamba wanalijua vizuri. Kwa mchezaji litamgharimu jasho tu.

Jizoeze nyumbani kwanza. Mpe mdogo wako kopo alifiche ndani ya eneo la familia, achukue pointi, akuandikie kwenye karatasi. Mwambie aiweke simu juu ya kificho dakika kadhaa bila kuisogeza, kisha aondoke na kurudi mara mbili tatu, aone kama namba zinakubaliana. Chini ya paini zilizosongamana, na kwenye bonde jembamba, zitacheza, maana ishara hugonga miti na miamba kabla ya kufika. Siku mbili za mazoezi hayo zitakufaa kuliko makala hii.

Kuficha: anza kwa mwenyekiti

Usilitafutie kopo jiwe kabla hujamtafuta mwenye jiwe. Shamba lina mwenyewe, ongea naye. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, iko chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji. Anza kwa balozi na mwenyekiti wa kitongoji, wao watakupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Nenda na kopo lenyewe, tupu, ulifungue mbele yao, uwaonyeshe daftari na penseli. Andika barua ya nusu ukurasa yenye jina lako, namba ya simu na mahali unapokusudia, uombe ipigwe muhuri. Nakala moja baki nayo kwenye simu. Siku utakapokutwa umeinama kichakani, picha ya barua hiyo itaongea vizuri kuliko wewe.

Nasisitiza kwa sababu. Fikiria mtu anapalilia mpakani mwa shamba lake, anafukua kopo lililofungwa vizuri, ndani mna karatasi yenye majina ya watu, ushanga na kidoli cha plastiki. Hatasema ni mchezo. Atadhani amewekewa kitu, na fununu ikishatoka hapo haina breki. Njombe pia haijasahau mwanzo wa mwaka 2019, watoto walipouawa mkoani. Mzazi anayemwona mgeni akizungukazunguka karibu na njia ya shule ana haki ya kuuliza kwa ukali. Kwa hiyo vificho viwe mbali na shule, visiwekwe pipi wala chochote cha kuwavuta watoto, na usimtume mtoto wa mtu akakutafutie. Watoto wa kwako nenda nao, ni mchezo unaowafaa sana.

Juu ya kifuniko na ndani yake andika kwa Kiswahili kikubwa: "Hili ni kopo la mchezo. Halina dawa wala fedha. Limewekwa kwa idhini ya uongozi wa kijiji," na namba yako. Kanuni za dunia hukataza kuweka chakula, pombe, dawa, visu na vitu vya kulipuka. Kwa huku kwetu ongeza kiberiti. Kopo liko jirani na paini za watu, na kiangazi kikikomaa cheche moja inatosha kuangusha akiba ya miaka kumi na tano.

Kopo lenyewe liwe la plastiki ngumu, lenye mpira ndani ya kifuniko na klipu pande zote nne. Kopo la siagi halifai, kifuniko chake hakishiki na harufu yake inawaita panya. Bulongwa iko juu ya mita 2,000. Mvua za Novemba hadi Aprili hazitanii, na ukungu unaingia hata pale mvua isipofika. Daftari lifunge ndani ya mfuko wa pili wa plastiki. Weka penseli, usiweke kalamu: wino huvuja, huganda na kufutika, risasi ya penseli husomeka hata karatasi ikilowa.

Mahali pa kuweka pana masharti yake. Kopo halizikwi, hairuhusiwi kuchimba bila idhini ya wazi ya mwenye ardhi. Pawe na mita 161 kutoka kificho kingine. Usiweke kwenye uzio wa hospitali, na Bulongwa ina hospitali ya Kilutheri inayohudumia watu wengi, na wenye wagonjwa hawana haja ya kushtushwa. Usiweke kwenye makaburi. Makambako panakutana barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya na ile ya kwenda Songea, na wasafiri hawakatiki, hivyo mtu anaweza kudhani stesheni ya TAZARA ni mahali pazuri. Hapafai hata kidogo. Reli, madaraja na mitambo ya umeme ni vitu vya ulinzi, na kanuni za mchezo zenyewe zinavikwepa. Mianzi ya ulanzi nayo iache. Msimu wa kugema, kila mwanzi una mbeta wake wa kukingia pombe na kila mbeta una mwenyewe, na anayechungulia humo jioni haulizwi anacheza nini.

Sehemu nzuri ni ile ambayo ungempeleka mgeni wako hata bila kopo: kilima chenye mandhari, mti mkubwa kando ya njia ya wote, jiwe la kupumzikia wanaotoka sokoni. Ukimaliza, andikisha kwenye tovuti, utoe alama mbili kati ya 1 na 5, moja ya ugumu wa kulipata kopo na moja ya ugumu wa njia. Andika maelezo kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kama unakiweza. Mkaguzi wa kujitolea atayasoma kabla kificho hakijatokea, na anaweza kukuuliza nani alikuruhusu. Barua yenye muhuri unayo.

Kitulo, na kificho kisicho na kopo

Wengi watauliza Kitulo. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 413 hivi na inaitwa Bustani ya Mungu kwa maua yake, zikiwemo aina 45 za okidi zinazomea ardhini. Wanaotaka maua waende kati ya Desemba na Aprili, na wajiandae kwa matope. Lakini kopo usipeleke. Ndani ya hifadhi ya taifa huachi kitu bila idhini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na pana historia ya karibu. Viazi vya okidi vilichimbwa kwa wingi katika milima hii na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda. Kulinda okidi ni mojawapo ya sababu za kuanzishwa hifadhi. Anayeonekana anapekua majani ya Kitulo akiwa na mkoba mgongoni, askari wa hifadhi atamfuata, na atakuwa sahihi.

Lipo jibu zuri zaidi. Mwaka 2004 ilianza aina ya kificho isiyo na kopo, inayoitwa kwa Kiingereza EarthCache, kwa usimamizi wa Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani. Pointi inakufikisha kwenye jambo la kijiolojia, unasoma maelezo, unaangalia kwa macho yako na kujibu maswali: tabaka hili la mwamba lina rangi gani, kingo za bonde zimeinama upande upi. Hakiachwi kitu, ingawa idhini ya msimamizi wa eneo bado inatakiwa. Kwa mkoa huu mimi naona ndiyo aina tuliyoandikiwa. Safu ya Livingstone inavyoporomoka kuelekea Ziwa Nyasa ni ukingo wa Bonde la Ufa wazi mbele yako. Maporomoko ya Luhuji yako Njombe mjini, huhitaji hata bodaboda ya mbali. Mwalimu wa jiografia akiandika moja ya namna hiyo na wanafunzi wake, amepata somo la wiki mbili.

Nyumba Nitu, ile nyumba nyeusi ya Wabena, ningeitaja kwa tahadhari. Ni mahali pa mila. Uende na wenyeji, uwasikilize, na simu ikae mfukoni wakisema ikae.

Siku ya kutafuta

Toka mapema, uwe umerudi kwenye njia kuu kufikia saa kumi na moja jioni, maana ukungu wa huku hauangalii saa. Mwambie mtu unakwenda wapi. Salimia kila unayempita, na kwa Wabena "Kamwene" itakufungulia mlango ambao "Habari" inaubisha tu. Simu ikionyesha mita 10, iweke mfukoni. Kuanzia hapo haina msaada, itakuzungusha kama ilivyonizungusha mimi. Tumia macho: tafuta mawe yaliyopangwa kuliko yanavyojipanga yenyewe, vijiti vilivyolala sambamba, kisiki cha mti kilichofunikwa majani makavu wakati majani mengine ni mabichi. Usiingize mkono kwenye tundu kabla fimbo haijatangulia. Nyoka hajui mchezo.

Ukilipata, andika jina na tarehe. Ukichukua kitu kidogo kilichomo, acha chenye thamani ileile au zaidi. Funga klipu zote nne, lirudishe palepale, si pale unapoona pangependeza. Usipolipata, andika kwenye programu kwamba hukulipata. Si aibu, na mwenye kopo anahitaji kujua.

Mwenye kopo naye asilale. Alitembelee baada ya mvua, na tena kiangazi kikianza. Kifuniko kikipasuka abadilishe, likiibwa afute kificho kwenye orodha na kumwarifu mwenyekiti aliyempa muhuri, asije mgeni mwaka ujao akasumbua mashamba ya watu kwa kutafuta hewa. Daftari la kurasa hamsini litadumu miaka kwa wingi wa wageni tulionao. Penseli ndiyo huondoka kwanza, beba mbili.